Adabu Haihitaji Patasi

Mwaka 1541 Michelangelo alimaliza kuchora Hukumu ya Mwisho kwenye ukuta wa madhabahu wa Kikanisa cha Sistina, Vatikani. Ni umati wa watu zaidi ya 300, wengi wao uchi wa mnyama, kwani siku hiyo hakuna atakayesimama na joho la cheo chake. Hata kabla rangi haijakauka, Biagio da Cesena, msimamizi wa sherehe za Papa, alinung'unika kwamba picha ile ilifaa bafuni na kilabuni. Michelangelo akamchora motoni, masikio ya punda kichwani na nyoka kiunoni.

Lakini manung'uniko hayakuisha. Baada ya Mtaguso wa Trento kuamua sehemu za siri zifunikwe, kazi hiyo alipewa Daniele da Volterra, rafiki wa Michelangelo; Michelangelo mwenyewe alikwisha kufariki Februari 1564. Nguo nyingi Daniele alizipaka juu ya picha. Kwa Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Blasi alikwenda mbali zaidi: plasta ilibomolewa, wakachorwa upya. Picha hiyo iliposafishwa miaka ya 1990, baadhi ya nguo zilizoongezwa baadaye ziliondolewa. Katarina wa Michelangelo hakuwa na pa kurudi. Tunamjua kupitia nakala, kama ile aliyoichora Marcello Venusti mwaka 1549, iliyopo Napoli.

Mimi ni mtoto wa pwani, siwacheki waliokereka. Nikiwa sebuleni na baba mkwe, busu likitokea kwenye runinga nabadilisha chaneli upesi, na sioni ushamba wowote katika hilo. Heshima ndiyo inayotuwezesha kukaa pamoja.

Ila pwani hiyohiyo ilinipa somo yangu, aliyenifunda nilipovunja ungo. Katika unyago, mambo ya mwili na unyumba huimbwa waziwazi na kuchezwa kwa kiuno, na wanawake wanaofanya hivyo ndio wanaoheshimika mtaani. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Nyumbani alijulikana pia kama bingwa wa unyago. Wakati wa ngoma hiyo wanaume huondoka, watoto hufukuzwa, mlango hufungwa. Kinachobaki ndani hakipunguzwi hata neno moja. Wahenga walilinda macho machanga bila kuharibu elimu ya wakubwa.

Ndiyo maana iliniuma mwaka 2018, bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ilipoipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na watu wazima wa Nairobi wakaambiwa hawawezi kuitazama. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku saba, ionyeshwe kwa watu wazima walio tayari. Kumbi zilijaa. Aliyetaka alikwenda, asiyetaka alibaki kwake, na marufuku ikarudi.

Nikilea wanangu najiuliza maswali matatu kabla sijazuia kitu: nani anatazama, wapi, na nani yuko karibu naye wa kumweleza? Mara nyingi majibu yananielekeza kwenye mlango, umri au mazungumzo. Yakinishinda, bado sipati ruhusa ya kuharibu kazi ya mtu mwingine, maana hasira yangu ni ya leo na hasara ni ya wote watakaokuja.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya kukagua sanaa: andikeni umri mlangoni, tahadharisheni wazazi, lakini kazi yenyewe iacheni ilivyo. Wajukuu zetu nao wana haki ya kuiona, hata kama ni ili waikatae wenyewe.