Vazi la Kuketia Mezani

Akina mama wenzangu, tuseme binti yako anayeishi Uingereza anakupigia simu na kusema, "Mama, nimekulipia safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii." Utashukuru, utapiga vigelegele, na majirani watakuja kusikia. Lakini baada ya siku chache yanafika maelezo ya safari, na ndani yake mna kifungu kinachohusu mavazi ya chakula cha jioni. Hapo furaha huweza kugeuka kuwa hofu. Nivae nini? Je, nitachekwa? Je, nikizuiwa mlangoni mbele za watu?

Jambo hili lilitukuta sisi mwaka 2023. Wifi yangu anaishi Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza ambako meli nyingi za kitalii huanzia safari zao. Alimwalika mama yake, yaani mama mkwe wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 76. Kwa kuwa mama ana ugonjwa wa presha na mimi ni muuguzi, niliombwa nifuatane naye. Meli ilikuwa inakwenda Norway, kutazama ghuba nyembamba za bahari zilizoingia katikati ya milima. Mama alikubali yote: ndege, baridi na mawimbi. Lililomshinda ni meza.

KANUNI ZENYEWE

Meli ya kitalii ni kama hoteli inayoelea. Mchana watu huvaa wapendavyo. Ifikapo jioni, mambo hubadilika. Nguo za kuogelea, kofia za jua na fulana zisizo na mikono hazitakiwi katika ukumbi mkuu wa chakula. Kwa siku za kawaida, mwanamume akivaa suruali ndefu na shati lenye kola, na mwanamke akivaa gauni, au sketi na blauzi ya heshima, inatosha katika meli nyingi. Lakini katika safari ya siku saba aghalabu huwa kuna jioni moja au mbili za heshima kubwa zaidi. Hapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, na wanawake magauni marefu ya sherehe.

Si kampuni zote zinazoshika kanuni hizi kwa ukali ule ule. Kampuni ya Cunard, iliyoanza kuvusha abiria wa bahari ya Atlantiki mwaka 1840, bado inazithamini sana jioni hizo katika meli zake kama vile Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004. Kampuni ya Norwegian Cruise Line, kwa upande wake, ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa kumwachia abiria ajichagulie saa ya kula na namna ya kuvaa, bila kumlazimisha suti. Nyingine nyingi nazo zimelegeza masharti tangu miaka hiyo. Na hata pale penye masharti, huwa kuna ukumbi mwingine wa kujipakulia, ambako asiyetaka kujipamba hula na kushiba kwa nauli ile ile aliyolipa. Kumbukeni jambo hili la ukumbi wa pili, maana nitalirudia.

Desturi hii ni ya zamani. Kabla ya ndege kuwa usafiri wa kawaida, watu walikaa baharini majuma kadhaa, na abiria wa daraja la kwanza walibadili nguo kila jioni kabla ya kula. Masanduku yao makubwa yalibandikwa karatasi. Yaliyohitajika safarini yalipelekwa vyumbani, na mengine yalishushwa chini, tumboni mwa meli. Ilikuwa desturi kwamba usiku wa kwanza na usiku wa mwisho hakuna aliyetazamiwa kujipamba, kwa sababu nguo zilikuwa bado hazijafunguliwa au zilikwisha kufungwa.

Pwani yetu iliziona meli za namna hiyo. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952. Zilitoka London, zikapita mfereji wa Suez, zikafika Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Jambo la kuchekesha ni kwamba Waingereza walipofika kwenye joto la Bahari ya Shamu, walikuwa na vazi lao maalumu la jioni: koti liliwekwa kando, wakabaki na suruali nyeusi, shati jeupe la mikono mifupi na mkanda mpana wa kitambaa kiunoni. Ikiwa kanuni ya mavazi huweza kupindishwa na joto la jua, sembuse na upendo?

KILICHOKUWA MOYONI MWA MAMA

Tulipofika Southampton, wifi alikuwa amekwisha kumnunulia mama gauni refu jeusi, la bei kubwa, lisilo na mikono. Mama alilishika, akalipapasa, akalikunja tena vizuri. Akasema, "Mwanangu, nashukuru. Lakini mimi ni mjane, na ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Mabega yangu siwezi kuwaonyesha hata samaki."

Wifi alikaribia kulia. "Mama, tukienda na kitenge watatuzuia mlangoni."

Nikaomba yale maelezo ya meli, nikayasoma polepole mstari kwa mstari, nikiwafasiria. Yalitaka vazi la jioni la heshima. Hapakuwa na neno lolote juu ya mabega wala mikono. Baadhi ya kampuni, na Cunard ni mojawapo, husema waziwazi kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika katika jioni zao kubwa. Ndiyo maana Mskoti huingia na sketi yake ya mirabaraba, na mwanamke wa Kihindi na sari yake. Kwa nini basi mama wa Kitanzania asiingie na gauni lake la kitenge lililoshonwa vizuri, refu hadi miguuni, na kilemba?

Wifi alitulia. Lakini mama alikuwa bado. Usiku, nilipompima presha, ilikuwa imepanda kuliko nilivyoizoea. Nikamwuliza kama amemeza dawa. Alikuwa amemeza. Nikakaa kimya, maana kazi ya uuguzi imenifundisha kwamba mgonjwa asipoharakishwa husema mwenyewe.

Ndipo akanieleza. Marehemu baba mkwe, alipokuwa kijana katika miaka ya 1950, alifanya kazi ya kuhudumia meza katika klabu moja ya Wazungu pale Tanga. Alivaa kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani. Kabla ya chakula cha jioni alipiga pasi zile suti nyeusi za mabwana kwa pasi ya makaa, akiogopa hata cheche moja isidondoke. Kisha alisimama nyuma ya viti mpaka wote wamalize. Mtu mzima mwenye familia aliitwa "boi."

"Baba yenu alizijua nguo zile kuliko waliozivaa," mama alisema. "Lakini hakuketi kwenye kiti kile hata siku moja. Sasa mimi nitaketi namna gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tuliomba pamoja, tukalala.

Jioni ile kubwa ilipofika, mama aliamka kitandani mwenyewe, akaoga, akavaa gauni lake la kitenge cha buluu na kilemba chake. Melini hairuhusiwi kuwa na pasi chumbani kwa kuogopa moto, kwa hiyo nilikuwa nimelipiga pasi katika chumba cha kufulia. Tulifika mlangoni mwa ukumbi. Hakuna aliyetuzuia. Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Kenya, mzaliwa wa pwani. Meli hizi zina wafanyakazi wa mataifa mengi, hasa Ufilipino, India na Indonesia, na siku hizi vijana wetu wa Afrika Mashariki nao wamo. Aliposikia Kiswahili chetu alivuta kiti, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama. Karibu uketi."

Mama alimtazama kwa muda. "Marahaba, mwanangu," akajibu. Kisha akamwuliza jina lake, akamwuliza nani anampigia pasi hilo koti lake jeupe, na kama mama yake mzazi yu hai. Baada ya hapo ndipo alipoketi. Kila jioni iliyofuata alimwita yule kijana kwa jina lake, na hakukubali sahani iondolewe bila kusema asante. Presha yake ilishuka. Jioni nyingine, alipochoka, tulikwenda kule kwenye ukumbi wa kujipakulia, naye amevaa sweta na khanga, na hakuna aliyemwuliza neno.

MEZA ZETU WENYEWE

Niliporudi nyumbani niliyatafakari mambo haya, nikaona kwamba kanuni za mavazi mezani si za Wazungu na meli zao tu. Sisi tunazo, na wakati mwingine zetu ni kali kuliko zao.

Fikirini sherehe zetu za kuwaaga mabinti, harusi na kipaimara. Kamati inakaa na kuamua: sare ya akina mama wa upande huu ni kitenge fulani, cha duka fulani, na fundi fulani. Juu yake kuna mchango wa kadi. Mwenye uwezo anashona mara moja. Lakini yupo mama anayeuza maandazi asubuhi na kulipa ada za watoto watatu. Huyo hasemi kitu kikaoni. Siku ya sherehe haonekani. Tukimwuliza, anasema alikuwa na homa. Katika kazi yangu ya kujitolea kanisani, kutembelea wagonjwa majumbani, nimefika zaidi ya mara moja kwa "mgonjwa" wa namna hiyo. Joto la mwili ni la kawaida. Kinachouma ni kwamba mtoto wa ndugu yake ameolewa, naye hakuwepo.

Kule melini, asiye na gauni la sherehe ana ukumbi wa pili, na chakula chake ni kile kile alicholipiwa. Kwetu, asiye na sare anabaki nyumbani, au anakuja akakaa nyuma kabisa karibu na jiko. Ni nani basi aliye na masharti magumu?

Sisemi kwamba mavazi hayana maana. Kujitayarisha kwa ajili ya meza ni kuwaheshimu wale utakaokula nao, na kumheshimu Mungu aliyetoa chakula. Hata nyumbani, baba anaporudi na watoto wamekusanyika, mama akinawa uso na kufunga khanga safi, na baba akivua nguo za kazi, chakula cha ugali na dagaa huwa karamu. Tuwafundishe watoto wetu jambo hilo, wa kiume kwa wa kike.

Najua pia wapo watakaonikumbusha mfano wa Bwana Yesu juu ya mtu aliyeingia karamuni bila vazi la harusi. Lakini tuusome tangu mwanzo. Mfalme yule alikwisha kuwatuma watumishi njia panda wawaalike wote waliowakuta. Sidhani kwamba watu waliookotwa barabarani waliulizwa bei ya kitambaa. Na katika sura ya pili ya waraka wake, Yakobo analionya kanisa lisimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, huku maskini akiambiwa asimame au akae chini.

Katika kikundi chetu cha akina mama tulizungumza, tukakubaliana mambo machache, nami nawashirikisha.

Kwanza, tunachagua rangi, hatuchagui kitambaa. Tukisema "buluu na nyeupe," kila mama anacho cha kuvaa kabatini mwake, au ataazima.

Pili, tunatangaza miezi mitatu kabla, ili anayedunduliza apate muda.

Tatu, mwaliko unapelekwa kwa mdomo na mtu mzima nyumbani kwa kila mmoja, na unasema wazi: njoo hata kama huna rangi hiyo.

Nne, asiyevaa rangi haketishwi nyuma. Wanaokaribisha wageni mlangoni wameagizwa hivyo.

Tano, wanaopika na kugawa chakula wanaitwa kwa majina yao na kushukuriwa mbele ya wote kabla ya watu kutawanyika.

Hilo la tano lilitoka kwa mama mkwe. Alipoulizwa kikundini safari ya meli imemfundisha nini, hakusimulia milima ya Norway wala ukubwa wa meli. Alisema kwamba vazi lolote la mezani ni zuri, iwapo aliyelivaa anamwona aliyesimama nyuma ya kiti.

Dada yangu mpendwa, mwezi huu huenda wewe uko kwenye kamati ya sherehe fulani. Kabla hamjapiga kura juu ya sare, soma majina ya akina mama wote wa jumuiya yenu, moja moja. Ukifika kwenye jina la yule ambaye unajua hataweza, usiliruke. Zungumzeni habari zake kwanza, kisha ndipo mchague vazi.