Siku Tatu Bukoba Kwenye Hoteli ya Zamani

Leo hatuzungumzii Nungwi wala Paje, wala vile vyumba vyenye mawaridi yaliyomwagwa kitandani ambavyo kila bi harusi siku hizi anavitaka. Tunakupelekeni mbali, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, mjini Bukoba, kwenye hoteli ndogo kuukuu tuliyokaa siku tatu mwezi wa Novemba tukimfikisha mwanetu kwa mumewe.

Nikaha ilisomwa Unguja na fungate ikapita nyumbani. Mume ni Mhaya, kwao Muleba, lakini kazi yake iko Bukoba na hapo ndipo watakapoishi. Kilichobaki ni walima ya upande wake, Jumamosi, huko huko Muleba. Tulikwenda wanne: shangazi wawili, somo wake, na yeye mwenyewe. Mama mtu alibaki na presha yake, akatupa usia mmoja tu: "Msimwache mahali hata duka la chumvi halijui."

Mkwe wetu alikuwa ametuchagulia hoteli mpya ya mlimani. Nia yake ilikuwa njema, na picha alizotutumia zilipendeza. Shangazi mkubwa akamuuliza, "Baba, kutoka hapo hadi msikitini na sokoni tunakwendaje?" Jibu likawa ni gari, kila mara. Basi tukamwomba atutafutie ya chini, karibu na ziwa na karibu na watu. Akacheka, akasema iko moja, ila ni ya kizamani. Tukamwambia hata sisi ni wa kizamani.

Kutoka Mwanza tulipanda meli, ile MV Victoria ya zamani iliyokarabatiwa na kuitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Inasafiri usiku, inatia nanga Kemondo, kisha Bukoba asubuhi. Kulala hatukulala sana. Ziwa hili ndilo lililomeza MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na ndege ya abiria nayo ilianguka majini hapo hapo karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Kwa hiyo anga au maji, hofu ni ile ile. Tulisoma dua ya safari, tukamwachia Mwenyezi Mungu.

Sasa hoteli. Jina tunalihifadhi, maana bomba lao lilitutesa na hatutaki kumharibia mtu rizki. Ni jengo la chini lenye baraza pana, bati limepauka, sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa dawa ya nta mpaka unajiona uso. Kabati la mbao zito kama mlango wa Zanzibar. Usiku wa kwanza maji ya moto hayakuja, yaliyokuja yalikuwa ya rangi ya chai, na kitasa cha mlango hakikufunga mpaka uunyanyue mlango kwa mguu. Nje mvua, na Bukoba ina baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuijua. Mwanetu alikaa ukingoni mwa kitanda na buibui lake bado mwilini, hasemi. Tulijua anachofikiri: kama siku ya kwanza iko hivi, maisha yatakuwaje? Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuuliza.

Aliyemzungumzisha ni mama mmoja mtu mzima anayefanya kazi pale, Mwislamu wa Kihaya. Alileta ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni, na makaa kwenye kigae bila ya kuombwa, baada ya kuona chetezo juu ya meza. Udi ukafukizwa. Chumba cha zamani kinashika udi vizuri kuliko chumba cha kiyoyozi, hili mtuamini. Kisha akatuonyesha ufa ukutani, unaoshuka kutoka darini mpaka nyuma ya kabati. Akasema ni tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi Kagera zilianguka siku ile na watu walikufa. Sisi tulitazamana. Tarehe 10 Septemba kwetu ni MV Spice Islander, mwaka 2011, pale Nungwi, na shangazi mdogo alizika watu wawili. Akamweleza. Yule mama akakaa kwenye sakafu, wakaombeana dua kama watu waliojuana miaka. Bi harusi ndipo alipovua buibui.

Kulipokucha tukaelewa kwa nini hoteli ile haijafungwa miaka yote. Unatoka barazani, hatua chache uko ufukweni, kisiwa cha Musira kiko mbele yako. Wenyeji husema enzi za wafalme wahalifu walikuwa wakitupwa kule. (Mwanetu akasema, "Mimi nimefanya kosa gani?" Tukacheka mpaka tukashika mbavu, na huko kucheka kulitufaa.) Ukigeuka upande wa pili, mji wote uko mbele yako na unaumaliza kwa miguu: maduka ya zamani ya Wahindi yenye varanda, soko, stendi, msikiti. Mji wenyewe ulianza mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani hapa.

Siku mbili tulimtembeza. Au tuseme alitutembeza, maana tangu asubuhi ya pili tulimtanguliza yeye. Alijifunza kununua ndizi za kupika, ambazo huku ndiyo chakula chenyewe, si kitoweo cha pembeni, na kuzitofautisha na zile za kutengenezea pombe. Akapata fundi cherehani. Akapata duka la chumvi pia, tukampigia picha mbele yake tukamtumia mama yake. Sala ya adhuhuri tukasali msikitini upande wa wanawake, na kabla hatujavaa viatu keshapewa namba mbili za simu na kualikwa darsa. Kutoka mlimani kwa gari la kukodi, dereva akisubiri nje, hayo yote yangepatikana wapi?

Mashoga mnaosafiri, yashikeni haya. Kibla cha Unguja ni kaskazini karibu moja kwa moja. Bukoba unaelekea kaskazini lakini unapinda kidogo kuume, ziwa likiwa upande wako wa kulia. Nyakati za sala zinachelewa kama nusu saa kuliko Unguja, ingawa saa za ukutani ni zile zile, kwa hiyo ratiba ya simu ibadilisheni. Na kwa kuwa hatukunuia kukaa siku nne kamili, tulipunguza na kukusanya kama madhhebu yetu ya Shafii yanavyoruhusu. Bi harusi alisali kamili. Yeye si msafiri tena, amefika kwake. Alipoliona hilo kwenye rakaa ya tatu, sisi tumeshatoa salamu, sauti ilimkatika kidogo.

Jengine: hoteli nyingi za aina hii zina baa. Ulizeni kabla ya kulipa, muombe chumba cha upande wa pili. Sisi tulipewa vya mwisho wa baraza na hatukusumbuliwa. Novemba pia ni msimu wa senene, na jikoni walikuwa wakiwakaanga. Somo wetu alikula, kwa kuwa nzige ni halali. Shangazi mkubwa alisema halali si lazima.

Lililotushughulisha zaidi ni salamu. Mwanamke wa Kihaya huwapigia magoti wakubwa anapowaamkia. Kwetu tunabusu mkono. Mwanetu aliogopa mambo mawili, kukosea mbele ya wakwe, na kuinama mbele ya kiumbe. Somo akamwambia, piga goti kama unavyopiga unapomtilia mgeni maji ya kunawa, kiwiliwili wima, kichwa juu. Yule mama wa hotelini ndiye aliyemfunza jioni ile barazani, umeme umekatika, taa ya chemli chini, wadudu wa ziwani wanazunguka. Alifanya mara ya kwanza akaanguka ubavu. Mara ya sita yule mama akaitikia kwa Kihaya, kwa ile sauti ndefu ya chini wanayoitikia wazee, na hakuitikia kwa mchezo.

Muleba ni zaidi ya saa moja kwa gari kuelekea kusini, migomba pande zote. Nyumba ya wakwe imo ndani ya kibanja, migomba na mibuni imechanganyika, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Tulipokelewa kwa buni kavu za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama sisi tunavyotoa tambuu. Sato, ndizi, pilau waliyotupikia kwa heshima yetu. Bi harusi akateremka garini na hina yake, akapiga goti mbele ya bibi wa mume. Bibi yule, haoni vizuri, akamshika uso kwa mikono miwili, akauliza huyu ni mtoto wa nani hapa kijijini.

Jumapili tuliondoka. Mkwe alileta gari mpaka hotelini, lakini mwanetu alishatangulia sokoni, akarudi na mkungu mmoja na kahawa ya kumpelekea mama yake, akamwambia muuza ndizi amemzidishia bei na kesho atarudi kwake.