Mfungo Ambao Sikupaswa Kuufunga



Wengi mmeniuliza kwa nini Kwaresima iliyopita nilihubiri nikiwa nimeketi, na kwa nini uso wangu umekuwa wa duara. Nasikia wapo waliosema padre amenenepeshwa na pilau za harusi.

Nina baridi yabisi. Ilianza katika vidole vya mikono yote miwili. Alfajiri, malori ya kwenda Zambia yakianza kunguruma hapa Tunduma, nilishindwa kufunga vifungo vya kanzu. Daktari mjini Mbeya aliniandikia methotreksati, ya kumeza mara moja tu kwa wiki. Kwa kuwa dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha nguvu, alinipa na prednisoloni ya kunivusha. Siku ya pili niliinua kalisi bila maumivu. Mshangao kama huo uliwapata madaktari wa Marekani mwaka 1948, Philip Hench na wenzake walipomdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huu, naye baada ya siku chache akatembea. Hench alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Madhara ya dawa nayo yalikwisha kujitokeza.

Baada ya miezi mitatu nilijiona nimepona. Jumatano ya Majivu nikaviacha vidonge ghafla, viwe sadaka yangu, na katika mahubiri nikajisifu. Jumamosi nilitapika, nikaanguka sakristia. Katekista alinipakia kwenye bajaji.

“Padre, mfungo wa dawa nani alikuruhusu?” daktari aliuliza.

Akanieleza kwamba juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza kemikali inayofanana na dawa hiyo. Ukimeza vidonge kwa muda mrefu, tezi husinzia. Ukiviacha ghafla, mwili hukosa vyote viwili. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari, hadi tezi ziamke.

Mimi nilistahili. Kinachonichoma ni mama mmoja wa jumuiya aliyesikia mahubiri yale, naye akaacha vyake. Alilazwa siku nne. Nilikwenda kumwomba radhi, akacheka, akasema, “Baba, wewe ndiye uliyesema.” Sikuwa na la kujibu.

Sasa namumunya miligramu 5 kila asubuhi baada ya uji. Kwaresima ijayo nitaacha sukari kwenye chai. Nimemuuliza daktari kwanza, amekubali.