Sumaku za Dadangu

"Utamaliza lini?" Hilo ndilo swali ambalo mama humwuliza dadangu mdogo kila afikapo nyumbani. Huu ni mwaka wake wa nne akitafuta shahada ya udaktari katika fizikia. Mwezi uliopita, hesabu alizohangaika nazo tangu Januari zilimpa jibu moja tu: hakuna kitu. Akaja kwangu jioni, akaketi jikoni.

"Dada, nataka kuacha."

Mimi nina diploma ya uandishi wa habari, na sumaku niijuayo ni ile ya mlango wa friji. Nikamwomba anieleze polepole huku nikikatakata sukuma wiki. Alisema kila atomu ya chuma ni kama kijisumaku, na mwelekeo wake huitwa spini: juu au chini. Kila moja husikiliza majirani wake. Zikikubaliana, chuma chote huwa sumaku. Joto nalo huzivuruga.

Kisha akanisimulia habari za Ernst Ising, kijana Mjerumani aliyepewa swali hilo na profesa wake, Wilhelm Lenz, mjini Hamburg. Mwaka wa 1924, akiwa na miaka 24, Ising alithibitisha kwamba spini zilizopangwa foleni moja haziwezi kudumisha umoja. Joto kidogo tu hutosha kuikata foleni. Akadhani hata kipande kizima kingekuwa hivyo. Hapo alikosea, msomaji, na wala hakurudi kusahihisha. Akawa mwalimu. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933 alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi. Mwaka wa 1939 alikimbilia Luxembourg, ambako alichunga kondoo na kufanya kibarua cha reli.

Kumbe wenzake walikuwa wameliokota swali lake! Mwaka wa 1936 Rudolf Peierls alionyesha kwamba spini zikipangwa kama vyumba vya drafti, hukubaliana. Lars Onsager akaikamilisha hesabu hiyo mwaka wa 1944. Ising alihamia Marekani mwaka wa 1947, na huko ndiko alikogundua kwamba jina lake lilikuwa maarufu. Mwaka wa 1963 Roy Glauber akaongeza jambo la wakati: jinsi spini zinavyogeuka hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo kazi ya dadangu.

"Nawe zako umezipanga foleni ngapi?" nikauliza, basi tu.

Akanitazama kwa muda mrefu, akaomba kalamu.

Mama alipopiga simu saa tatu usiku, nilimwambia yuko kazini. Sukuma ilikuwa imeungua.