Maagizo yenu na begi la kilo 23

Mimi huku Uingereza mzima, ila baridi ndiyo ile ile. Nakuja Unguja mwezi ujao inshallah, na simu za maagizo zimeshaanza. Basi nisomeni kwanza.

Mdogo wangu anaongoza watalii kuzamia Nungwi, kwa vifaa vya kuazima. Rigeleta, yaani kile kifaa cha kuvutia pumzi chini ya maji, ikigoma mita 20 chini hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo begi la safari hii ni lake.

Tikiti yangu inaruhusu kilo 23. Mtungi wa kawaida wa alumini, mtupu, ni kilo 14 hivi. Tena haupandi ndege ukiwa umejazwa hewa. Lazima uwe mtupu, na wengi wanataka valvu itolewe waone ndani. Nungwi mitungi ipo, sibebi. Mkanda wa risasi (si za bunduki jamani!) nao naacha. Kisu kinakwenda begi kubwa. Betri za akiba za tochi ni za lithiamu, hizo naingia nazo mwenyewe ndani ya ndege. Rigeleta vilevile, isije ikatupwatupwa.

Shangazi, blenda yako safari ijayo. Usinune.

Nitazamia naye siku chache, ila siku ya mwisho sigusi maji: baada ya kuzamia mara kadhaa inashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo ni ya Mama.