Kidonda cha Mbwa na Amana ya Dawa

Mbwa hana ulimi wa kueleza maumivu yake. Akiwashwa hujikuna, akiumwa hulia, na akizidiwa hulala kimya akimtazama bwana wake. Tumaini lake lote limo mikononi mwa binadamu. Kwa hiyo, mtu ashikaye dawa mbele ya mbwa mgonjwa ameshika amana mbili: amana ya kiumbe asiyeweza kusema, na amana ya dawa yenyewe, ambayo haikupatikana kwa ajili ya kidonda kimoja tu.

Katika mwili wa mbwa mwenye afya huishi bakteria aitwaye Staphylococcus pseudintermedius. Wataalamu walimpambanua na kumpa jina hilo mwaka 2005, lakini ujirani wake na mbwa ni wa kale. Hukaa puani, kinywani na ngozini bila ya kudhuru. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walisema kweli, maana ngozi ikidhoofika jirani huyu hugeuka adui. Viroboto, utitiri, mzio au maradhi ya homoni hufungua mlango, naye huingia. Vipele vya usaha hutoka, manyoya hunyonyoka, na mabaka yenye magamba huenea tumboni na mapajani. Basi kidonda ni moshi. Moto u mahali pengine.

Hapo ndipo kosa huanza. Mwenye mbwa huona moshi akataka uondolewe upesi. Hupata vidonge vya kuua bakteria, na baada ya siku kadhaa ngozi hupendeza na furaha hurejea nyumbani. Viroboto hawakufukuzwa, mzio haukutafutwa. Haupiti muda mrefu mbwa hujikuna tena, na vidonge hurudiwa, safari hii na safari nyingine. Kila mara dawa huua bakteria walio dhaifu na kuwaachia uwanja wachache wawezao kuistahimili. Wachache huzaa wengi. Mwisho, dawa iliyokuwa upanga huwa ala tupu.

Uwezo huo si uchawi. Penisilini na nduguye sefaleksini huvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria. Bakteria mwenye jeni iitwayo mecA hujipatia chombo kingine cha kujengea ukuta huo, chombo ambacho dawa hizo haziwezi kukikamata. Tangu miaka ya 2000 bakteria wa namna hii wameenea kwa mbwa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na wengi wao wamezishinda pia dawa za jamii nyingine.

Dunia haikukosa onyo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kipimo kidogo kisichoua chaweza kuwafunza vijidudu kuivumilia dawa. Methisilini ilitolewa mwaka 1959 ili kuwapiga walioishinda penisilini. Kufika mwaka 1961, Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza bakteria wa binadamu walioishinda hata hiyo. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu.

Kutokana na hayo lazuka swali zito. Zimo dawa chache, kama vankomaisini na linezolidi, ambazo ni ngome ya mwisho ya wagonjwa mahututi hospitalini. Je, mbwa apewe? Mapenzi husema apewe, kwa kuwa mbwa yu mbele ya macho na analia. Haki husema ngome isibomolewe, kwa kuwa nyuma yake wamo wengi wasioonekana. Mapenzi yasiyoona mbali hutenda dhuluma bila ya kukusudia.

Lakini mara nyingi mapenzi na haki hupatana. Maradhi yaliyo juu ya ngozi aghalabu hupona kwa kuoshwa. Sabuni ya dawa yenye klorheksidini, ikipakwa mara 2 au 3 kwa juma na kuachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa, huweza kuwaua hata bakteria walioshinda vidonge. Maradhi yakizama ndani au yakirudi licha ya tiba, usaha hupelekwa maabara kwanza, ili dawa ichaguliwe kwa ushahidi wala si kwa kubahatisha. Na chanzo hutafutwa mpaka kipatikane.

Hapana shaka, kuosha huchosha. Mbwa hukataa, maji humwagika, nguo hulowa, na dakika 10 huwa ndefu. Kidonge humezwa kwa nukta moja. Lakini katika uchovu huo mdogo imo heshima kubwa: mtu hutoa jasho lake mwenyewe badala ya kutumia akiba ya wengine. Dawa ni urithi, na urithi hudumu mikononi mwa warithi wenye subira.