Kompyuta ya Gemu na Nauli ya Idd

Huku Bagara, Babati, tu wazima alhamdulillah, baridi tu ndiyo inayotusumbua sisi watu wa pwani. Leo tunakuleteeni jambo la nyumbani kwetu: kununua au kutonunua kompyuta ya mezani ya gemu, ile inayouzwa ikiwa imeshaunganishwa kila kitu.

Aliyeitaka ni kijana wetu, amemaliza skuli na anasubiri kuendelea. Anacheza, wala hafichi. Lakini pia anajifunza Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni, na laptopu ya zamani anayotumia inaungurumisha feni mpaka tunamwonea huruma. Mashine aliyoipata iko Kariakoo, shilingi milioni 2 na laki 4. Sisi tulikuwa na milioni 2 na nusu, na fedha hizo zilishakuwa na jina: nauli ya watu watano kwenda Makunduchi Idd, kwa bibi yao ambaye hatujamwona miaka mitatu.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Mmoja wetu alisema kijana akipata kifaa cha kazi atajipatia riziki, na bibi tutaendelea kumpigia simu. Mwingine akasema simu haishiki mkono wa mtu mzima. Tukalala hatujakubaliana.

Muuzaji alikuwa na njia yake: tulipe nusu, nusu nyingine tukopeshwe, turudishe na nyongeza kila mwezi. Hilo halikujadiliwa hata dakika. Riba ni riba hata ikivalishwa kanzu. Murabaha tunaijua, benki inakinunua kitu na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, lakini kuingia deni kwa ajili ya gemu hatukuona kheri yake.

Basi tukaanza kuitazama mashine yenyewe. Ndani yake kuna kadi ya picha ya RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021. Kadi hiyo peke yake hula wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Ukiongeza prosesa na kioo, tukakadiria wati 300. Saa tatu kwa siku ni karibu uniti 27 kwa mwezi. Sisi tunatumia kama uniti 60, tumo katika kundi la watumiaji wadogo wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na mpaka wa kundi hilo ni uniti 75. Ukivuka, bei ni shilingi 350. Sitini na ishirini na saba ni themanini na saba! Wenye LUKU mnatuelewa.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kwenye picha ya tangazo. Tuliyemuuliza ni fundi mmoja hapa mjini. Alituambia wanaouza mashine zilizounganishwa tayari huweka kadi nzuri ya kutangazia, kisha wanabana kwingine: pawa saplai isiyo na jina, rami kipande kimoja badala ya viwili, diski ndogo. Pawa saplai ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa umeme wetu huu wa kuzima na kuwaka. Akasema pia kadi nzito ikisafirishwa kwenye basi kutwa nzima bila kushikiliwa vizuri inaweza kulegea kwenye nafasi yake. Na tuulize historia yake, kwa sababu kadi nyingi za miaka ile zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoacha uchimbaji huo Septemba 2022 zikamwagika sokoni.

Ya dini hatukuyaweka pembeni. Mchezo kwa asili yake si haramu, tunavyofahamu sisi, ila kuna michezo inayouza visanduku ambavyo hujui ndani utapata nini mpaka umeshalipa. Ubelgiji mwaka 2018 walisema visanduku vya namna hiyo vinavunja sheria yao ya kamari. Kama hao wameona, sisi tusione? Tukamwambia kijana wetu: hakuna kuweka namba ya simu ya malipo kwenye gemu lolote, na mashine itakaa sebuleni, mkabala na msala. Akajibu, "Sawa mama, sawa baba," kwa sauti ya mtu anayehesabu hasara.

Tulisali istikhara, kila mmoja kwa wakati wake. Hatukuota ndoto, wala hatukuisubiri. Kilichotuweka sawa ni jambo la kawaida kabisa: njia ya Makunduchi inapita Dar. Tukienda Idd tutapita Kariakoo wenyewe, tutawasha mashine tuione, na wakati wa kurudi tutaipakata wenyewe kwenye basi.

Kwa hiyo nauli kwanza. Itabaki kama milioni 1 na laki 2, na kwa fedha hizo ile ya tangazo haipatikani. Inapatikana kompyuta ya ofisi iliyotumika, halafu inaongezwa kadi ndogo kama GTX 1650, inayokula wati 75 tu, na nyingi katika hizo hazihitaji waya wa umeme wa ziada. Gemu mpya kabisa hazitakwenda kwa uzuri wake wote. Blender itakwenda, polepole kuliko anavyotaka yeye.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Isha, akatuletea karatasi. Prosesa ya Intel iwe kizazi cha nane au zaidi, kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi haikubali za nyuma ya hapo. Kasha liwe lile kubwa la kusimama, vile vyembamba vinataka kadi fupi. Rami vipande viwili. UPS. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, ameandika: zawadi ya bibi, kanga doti moja.